Swichi ya ufunguo kwenye lori la zamani: kusafisha, kubadilisha, kuweka rilei au kufunga kitufe?

Lori la zamani likikataa kuwaka, wa kwanza kulaumiwa ni betri, wa pili ni stata. Swichi ya ufunguo hukumbukwa mwishoni, baada ya fedha kuishia kwenye vifaa visivyo na kosa. Kinyume chake nacho hutokea: mtu anang'oa swichi nzima kumbe terminali ya betri imeota ukungu mweupe na ilihitaji brashi tu. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama katikati. Anashuku swichi, anataka uhakika, na anataka kujua afanye lipi kati ya matengenezo manne ambayo fundi anaweza kumpendekezea. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa malori mengi yaliyotumika sana, swichi mpya peke yake ni nusu ya tiba, na rilei ya stata, yaani swichi ndogo inayoamshwa na umeme mdogo ili ibebe umeme mkubwa, ndiyo nusu ya pili. Sababu iko kwenye hesabu, nayo nitaionyesha mbele.

Kitasa au swichi?

Tunachokiita swichi ya ufunguo kwa kweli ni vitu viwili. Mbele kuna kitasa, yaani silinda ya chuma inayopokea ufunguo na, kwa malori mengi, kufunga usukani. Nyuma yake kuna swichi yenyewe ya umeme: kiboksi cha plastiki ngumu chenye vipande vya shaba (kontakti) vinavyosuguana na kugusana kila unapozungusha. Vinauzwa pamoja au mbalimbali kutegemea lori, na anayevichanganya hununua kisichohitajika.

Kitasa kilichochoka unakisikia mkononi. Ufunguo unakwama, unageuka kwa kubembelezwa, unachomoka lori likiwa bado linanguruma, au haurudi wenyewe kutoka START (kupiga stata) kwenda ON (kutembea). Swichi iliyochoka haisikiki mkononi. Ufunguo unageuka vizuri, lakini umeme unakuja na kupotea, taa za dashibodi zinafifia ukigusa ufunguo, na ukipapasa nyuma ya kiboksi unakuta joto au harufu ya plastiki iliyoungua. Kabla ya kulaumu kitasa, jaribu ufunguo wa akiba. Meno ya ufunguo unaotumika kila siku hulika kabla ya kitasa kulika.

Kuna pikapu na malori, hasa ya Marekani ya miaka ya 1970 na 1980, ambayo kitasa kiko juu ya bomba la usukani na swichi iko chini kabisa, zikiunganishwa na fito ya chuma. Fito ikipinda, au skrubu za swichi zikilegea, ufunguo unafika mwisho wakati swichi bado haijaifikia START. Hapo hakuna kilichoungua. Unalegeza skrubu, unaisogeza swichi kidogo juu ya bomba, unajaribu, unakaza. Ni kosa linalofanana mno na swichi mbovu, na dawa yake ni bisibisi.

Jambo jingine la kitasa ni mzigo wa funguo. Mwaka 2014 General Motors iliyaita mamilioni ya magari yake kwa sababu swichi ziliweza kuteleza na kutoka kwenye ON gari likiwa linatembea, na uzito wa funguo zilizoning'inia ulikuwa mmoja wa vichocheo. Yalikuwa magari madogo, lakini lori linarukaruka zaidi, na fungu zito la funguo linakivuta kitasa siku nzima. Ufunguo wa lori ukae peke yake.

Kwanza, taa kubwa

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Kwenye malori mengi ya zamani taa kubwa hazipiti kwenye swichi ya ufunguo. Zinapata umeme wake kutoka betri kwa njia nyingine. Kwa hiyo ziwashe, kisha piga stata huku ukiziangalia.

Zikififia sana au kuzimika, umeme unatoka kwa wingi au unakwama kwenye terminali. Shughulika na betri, nyaya nene na stata, swichi iache. Mlio wa haraka haraka, tik-tik-tik, nao ni wa betri dhaifu au terminali iliyolegea. Mlio mmoja mzito "ta!" bila injini kuzunguka unamaanisha solenoidi ya stata (sumaku ya umeme inayoiingiza stata kazini) imepata umeme, basi swichi imekwisha fanya kazi yake. Lakini taa zikibaki zinang'aa kama kawaida na kuna kimya kitupu, umeme haujafika kwenye stata. Hapo ndipo swichi inaingia kwenye orodha ya washukiwa, pamoja na swichi ya klachi au ya nyutro (inayozuia stata kuzunguka lori likiwa kwenye gia), rilei kama ipo, na waya mwembamba unaoshuka hadi kwenye solenoidi. Kwa lori la gia otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa nyutro badala ya P. Likiwaka, kosa liko kwenye swichi ya nyutro, si kwenye ufunguo.

Taa ya kupimia au mita?

Hapa mafundi hugawanyika, na kila upande una haki yake.

Mita ya kidijitali karibu haivuti umeme kabisa. Ndiyo sifa yake na ndiyo hila yake. Kontakti iliyoungua ikabakiza sehemu ndogo kama ncha ya sindano bado itaionyesha mita volti 12.6 kamili, na fundi ataandika kwamba swichi ni nzima. Mara tu solenoidi inapodai umeme wa kweli, volti hizo zinayeyuka. Taa ya kupimia inavuta kidogo, kama robo ya ampea hivi, kwa hiyo inadanganywa kwa shida zaidi. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 iliyofungwa nyaya mbili ni bora kuliko zote kwa kazi hii: inavuta zaidi ya ampea 4, na kontakti mbovu inaumbuka papo hapo kwa mwanga mwekundu hafifu. Kwa lori la volti 24 tumia balbu ya volti 24. Usiichomeke balbu hiyo kwenye waya wa kompyuta ya injini au wa sensa, kama lori lako lina vitu hivyo. Hapo ni mita tu.

Upungufu wa balbu ni kwamba haisemi ni kiasi gani kimepotea. Mita inasema, ukiitumia kwa njia sahihi, nayo ndiyo njia ninayoiamini kuliko nyingine yoyote. Badala ya kupima kutoka swichi hadi bodi (hasi), pima kutoka upande mmoja wa swichi hadi upande wa pili. Waya mwekundu wa mita uguse terminali inayoleta umeme kutoka betri, mweusi uguse terminali ya stata, na mwenzako ashikilie ufunguo kwenye START. Mita itaonyesha volti zinazopotea ndani ya swichi yenyewe. Chini ya 0.3, swichi ni nzima. Ikifika 0.5, inaanza kuchoka. Ikizidi 1, imekwisha. Ikionyesha volti zote za betri, hakuna mgusano kabisa ndani. Angalizo moja: kama waya umekatika mbele ya swichi, hakuna umeme unaotembea na mita itasoma sifuri, usomaji unaofanana na wa swichi nzima. Kwa hiyo sifuri pamoja na stata iliyokaa kimya inakuelekeza ufuate waya wa kushuka.

Rudia kipimo hicho kati ya chanya ya betri na terminali ya umeme ya swichi. Mara nyingi volti zinapotea huko, kwenye soketi iliyoungua nyuma ya swichi au kwenye kiungio cha fyuzi, na swichi inasingiziwa.

Terminali utazijua kwa alama. Malori ya Kijapani kwa kawaida yana B au AM kwa umeme wa betri, ACC kwa redio na vifaa vidogo, IG kwa umeme wa ON, na ST kwa stata. Ya Ulaya hutumia namba: 30 ni betri, 15 ni umeme wa ufunguo ukiwa ON, 50 ni stata. Kwenye magari ya zamani ya Uingereza yenye nyaya za Lucas, kahawia ni umeme wa betri, nyeupe ni ON, na nyeupe yenye mstari mwekundu ni stata. Usiamini rangi peke yake kwenye lori lililopita mikononi mwa mafundi wengi.

Uthibitisho wa mwisho ni kuiruka swichi. Weka nyutro, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu, kisha unganisha B na ST kwa kipande cha waya nene. Stata ikizunguka kwa nguvu kwa waya huo na ikikataa kwa ufunguo, kesi imekwisha.

Linawaka, kisha linazima ukiachia ufunguo

Dalili hii inahitaji nafasi yake kwa sababu ina majibu mawili yanayofanana kabisa. Injini ya petroli yenye distributa na koili ya zamani mara nyingi ina rezista inayopunguza umeme wa koili wakati wa kutembea. Ukiwa START, koili inapata umeme kamili kwa njia ya pembeni. Ukiachia ufunguo kurudi ON, umeme unapitia kwenye rezista. Kwa hiyo injini inayodaka ukiwa START na kufa mara unapoachia ama ina kontakti mbovu ya ON ndani ya swichi, ama ina rezista iliyokatika. Kuvitenganisha ni kazi ya dakika moja: pima upande wa rezista unaotoka kwenye swichi, ufunguo ukiwa ON. Umeme ukiwepo upande huo na kukosekana upande wa koili, rezista imekufa. Ukikosekana pande zote mbili, rudi kwenye swichi na waya wake. Kwa vile rezista ni rahisi kubadilisha kuliko swichi, ipime kwanza.

Injini ya dizeli haina koili, lakini wengi wa ndugu zake wa zamani wana solenoidi ya kufungulia mafuta kwenye pampu. Solenoidi hiyo hupata umeme kutoka ON. Kontakti ikilegea, injini inazima ghafla barabarani kana kwamba mafuta yamekwisha, kisha inawaka tena ukigeuza ufunguo. Mtu anaweza kuhangaika na filta na pampu kwa muda mrefu kabla ya kutikisa ufunguo injini ikiwa inanguruma. Fanya jaribio hilo mapema: likiwa limesimama na linanguruma, tikisa ufunguo taratibu, kisha shika fungu la nyaya nyuma ya swichi ulitikise pia. Injini ikipepesuka kwa ufunguo, ni swichi. Ikipepesuka kwa nyaya, ni soketi.

Na stata isiyotaka kuachia baada ya injini kuwaka? Toa terminali ya betri haraka. Kisha chomoa waya mwembamba wa solenoidi, urudishe betri. Stata ikizunguka tena, solenoidi imejishika. Ikitulia, walioshikana wako juu: swichi au rilei.

Kusafisha

Kwa swichi inayofunguka, kusafisha kunavutia kwa sababu hakuhitaji kifaa kipya. Unakunja vishikizo, unafungua kiboksi, unakuta shaba nyeusi yenye vishimo. Funika kwa kitambaa unapofungua. Ndani kuna springi na vijipira vya chuma vinavyoruka, na kimoja kikipotea swichi imekwisha. Msasa laini sana, dawa ya kusafishia kontakti, mafuta mepesi ya kontakti, kufunga.

Kazi hiyo ni ya halali pale swichi imezibwa na vumbi au kutu. Pale shaba imeungua na plastiki imelainika kwa joto, si matengenezo tena. Umesugua tabaka la juu, umeacha umbo lililopinda, na springi iliyopashwa moto imepoteza nguvu ya kubana. Kwangu kusafisha ni cha kufikisha lori nyumbani, au cha lori ambalo swichi yake haitengenezwi tena popote.

Kitasa kinachokwama, kwa upande mwingine, kinapona vizuri kwa kusafishwa. Tahadhari ni ya unga wa grafaiti, ambao hupendekezwa sana kwa vitasa: grafaiti inapitisha umeme. Pale ambapo kontakti ziko moja kwa moja nyuma ya silinda, tumia kilainishi kikavu cha tefloni. Grisi nzito usiipake kabisa, inakusanya vumbi.

Kubadilisha

Kama kitasa ni kizima, badilisha swichi ya umeme peke yake. Utabaki na ufunguo mmoja wa milango na wa kuwashia, na kufuli ya usukani haitaguswa. Kununua kitasa na swichi pamoja kuna maana pale tu ambapo vyote vimechoka, au lori lako halivitenganishi.

Usilinganishe kwa sura. Hesabu terminali, soma alama zake, angalia kama ya zamani ina hatua ya kupasha hita plagi (za kuipasha injini ya dizeli) kabla ya START, na angalia kama ni ya volti 12 au 24. Swichi nne zinaweza kukaa kwenye tundu moja na kila moja ikaunganisha mambo tofauti. Kabla ya kufunga mpya, ipime mezani kwa mita kila hatua: ON lazima IG ibaki hai, na START lazima IG na ST ziwe hai kwa pamoja. Kuna swichi za bei ya chini zinazokata IG wakati wa START. Stata itazunguka vizuri na injini haitawaka kamwe.

Soketi ndiyo inayosahauliwa. Ikiwa plastiki yake imegeuka kahawia, terminali zake zimepoteza ubanaji, na swichi mpya uliyoichomeka humo itaungua kwa sababu ileile. Badilisha soketi au walau terminali zilizoungua. Toa hasi ya betri kabla ya kuanza, kwa kuwa kwenye malori mengi ya zamani waya wa betri unaofika kwenye swichi hauna fyuzi ya kawaida njiani. Mwaka 1996 Ford iliita zaidi ya magari milioni 7, pikapu zikiwemo, kwa sababu swichi za ufunguo ziliweza kupata shoti ndani na kuanzisha moto, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo swichi yenye joto haingojewi mwisho wa mwezi.

Rilei

Sasa ile hesabu. Kwenye lori ambalo ufunguo unaendesha solenoidi moja kwa moja, solenoidi inaweza kuvuta ampea 30 au zaidi inapoanza kuruka. Chukua kontakti iliyochoka kidogo tu, yenye ukinzani wa omu 0.1. Ampea 30 mara 0.1 ni volti 3 zilizopotea, na volti 3 mara ampea 30 ni wati 90 za joto ndani ya kiboksi cha plastiki kinachotosha kwenye kiganja. Joto linaunguza shaba, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Swichi mpya inaanza safari hiyohiyo siku ya kwanza.

Rilei ya kawaida ya volti 12 inahitaji takriban ampea 0.15 ili ibonyee. Pitisha hizo kwenye kontakti ileile ya omu 0.1, na kinachopotea ni volti 0.015. Mzigo mzito unabebwa na rilei, na rilei ikichoka inabadilishwa kwa mkono bila kufungua dashibodi.

Ufungaji: waya nene kutoka chanya ya betri, kupitia fyuzi ya ampea 30 au 40 iliyo karibu na betri, hadi terminali ya 30 ya rilei. Kutoka 87, mahali mzigo unapotokea, hadi terminali ndogo ya solenoidi. Ule waya wa zamani wa ST uliokuwa ukienda kwenye solenoidi uende 86, na 85, ncha ya pili ya koili ya rilei, iende bodi. Kama solenoidi yako inavuta zaidi ya uwezo wa rilei ndogo, chukua rilei ya stata yenye bolti. Kwa kuwa waya wa zamani wa ST ndio unaoiamsha rilei, swichi ya klachi au ya nyutro inabaki kazini, usiiruke. Tia daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye koili ya rilei au chagua rilei iliyo nayo, ili mshtuko wa koili hiyo usirudi kwenye kontakti za ufunguo. Weka mahali pasipofikiwa na maji, vishikio vikitazama chini.

Hoja dhidi ya rilei ni ya kweli: ni kiungo kimoja zaidi kinachoweza kuharibika, na kikifungwa ovyo kwa utepe kitasumbua kuliko swichi ya awali. Tena kama lori lako lilitoka kiwandani na rilei ya stata, ya pili haikuongezei kitu. Angalia kwanza.

Kitufe

Kitufe cha kubonyeza kinapendwa kwa sababu kinafanya kazi leo hii. Nakikubali kwa sharti mbili: kiamshe rilei badala ya kubeba mzigo wa solenoidi chenyewe, na ufunguo uendelee kutawala ON. Kitufe cha aina hiyo, kikipata umeme wake kutoka IG, ni suluhisho la heshima kwa lori ambalo START pekee ndiyo iliyokufa na swichi yake haipatikani.

Kinachofanyika mara nyingi ni kingine: ufunguo unaachwa, swichi ya kawaida ya taa inafungwa kuwa ON, na kitufe kinakuwa START. Hilo nalikataa. Swichi ya taa inasahauliwa ikiwa imewashwa, na koili ya injini yenye pointi (kontakti za ndani ya distributa) inapikwa pointi zikiwa zimegusana. Kufuli ya usukani inabaki nusu, ama imefungwa siku ambayo hukutarajia ama haifungi kabisa. Na yeyote anayepanda kwenye kebini anaweza kulipeleka.

Uchague lipi

Kitasa kinakwama lakini umeme ni mzuri: safisha kitasa, jaribu ufunguo mwingine, usiguse swichi. Volti zinazopotea ziko chini ya 0.3: swichi si tatizo, fuata soketi, swichi ya klachi, na waya wa kushuka. Zimezidi 0.5 kwenye ST na ON bado ni nzima: rilei peke yake inaweza kukupa miaka, na ndiyo njia ninayoichagua kwa swichi adimu. ON nayo inakatika, au plastiki imepata joto: swichi mpya, soketi mpya, na rilei siku hiyohiyo, kwa kuwa dashibodi imeshafunguliwa.

Baada ya kufunga, rudia kipimo cha volti zinazopotea, kwenye ST na kwenye IG, na uandike namba hizo pamoja na tarehe ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi. Fundi atakayefuata ataanzia hapo.